Vidonge vya "oreksini" vya 85,000: moyo mbio, usingizi palepale

Nimevimeza siku kumi na moja, kwa hiyo nasema nilichokiona mwenyewe. Napeleka saruji Arua kutoka Kampala, narudi na simsim. Kinachonitesa ni kile kipande cha kuanzia Migyera kwenda mbele, saa nane usiku, barabara imenyooka na utingo anakoroma pembeni. Mwenye duka mmoja mjini akaniuzia kopo jeupe lenye picha ya ubongo unaowaka taa. "Mzee, hii ni oreksini, homoni ya kukaa macho. Na inakata njaa, hicho kitambi kitaisha." Kitambi ndicho kilichoniponza. Nikatoa 85,000.

Safari ya kwanza nilimeza viwili Luwero baada ya kula. Kufika Kafu moyo ulikuwa unagonga hadi masikioni, vidole vinatetemeka kwenye usukani, nikasema kweli mambo yamekubali. Bweyale nikashuka nikala nusu kuku, kwa hiyo habari ya kukata njaa iliishia hapo. Kabla ya daraja la Karuma macho yakafunga ghafla. Nilizinduliwa na matairi yakisaga kokoto za pembeni. Nikaegesha, nikalala kitini hadi asubuhi, nyani wakigombania ganda la ndizi juu ya boneti.

Mpwa wangu anasoma ufamasia Makerere. Alipokuja nyumbani akaligeuza kopo, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi siyaoni bila miwani: kafeini, chai ya kijani, unga wa pilipili. Oreksini ilikuwa kwenye jina tu, kwenye orodha haimo. Namba ya usajili wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa hakuiona pia. "Mjomba, umenunua kahawa ya bei mbaya."

Lakini alichonieleza baadaye kilinipunguzia uchungu wa pesa. Oreksini yenyewe ipo kweli. Mwaka 1998 timu mbili ziliigundua Marekani, kila moja kivyake. Moja iliiita haipokretini. Nyingine, ya kina Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai kule Dallas, ikaiita oreksini kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hamu ya kula. Hamu ya kula, jamani! Panya waliodungwa kitu hicho ubongoni walikula zaidi, halafu kopo linaniahidi kupungua tumbo.

Inatengenezwa na seli chache, makumi ya elfu tu, zilizo ndani kabisa ya ubongo, mahali panapoitwa haipothalamasi. Hizo ndizo zinazomshikilia mtu macho. Zikifa mtu anapata narkolepsi: anasinzia katikati ya maneno, na wengine wakicheka tu magoti yanalegea. Na kwa wanyama imeonekana kwamba sukari ikipanda mwilini seli hizo hutulia, njaa ikiuma huchangamka. Hapo nikaikumbuka sahani yangu ya Luwero: mlima wa posho, maharage, soda mbili. Kumbe nilikuwa nazizima mwenyewe, kisha nameza kidonge cha kuziwasha.

Na hata kama oreksini ingekuwemo, kuimeza ni kazi bure. Ni kiprotini kifupi, ile ya aina A ina asidi amino 33, yaani vile vipande vinavyojenga protini, na tumbo linakikatakata kama linavyokatakata samaki wa Pakwach. Ubongoni hakifiki. Zipo dawa halisi zinazogusa oreksini, kama suvorexant iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, lakini hiyo inaizuia, ili anayekosa usingizi alale. Dereva akimeza hiyo Bweyale, lori watalitafuta ndani ya Nile.

Siku hizi Luwero nakula nusu sahani, maji badala ya soda, na Kafu nalala kwa muda wa saa mbili. Bosi ananuna nikichelewa, basi anune.

Kopo lenyewe sina ubaya nalo, kifuniko kinabana vizuri na utingo ameshaliomba la kuwekea chumvi. Nyota moja ni ya kifuniko.

Nililirudisha dukani kwanza, vidonge vikiwa zaidi ya nusu. Pesa hairudi, akasema, lakini kwa sababu mimi ni mteja atanipunguzia hii nyingine, kopo la buluu, la watu wasiopata usingizi. Nikamuuliza ndani kuna nini. Akaligeuza kwenye mwanga, akasoma taratibu.

"Oreksini, mzee."