Kisu cha kurinia asali: Mora Companion au cha mhunzi wa Tabora?

Kila anayekwenda kurina asali huku kwetu, awe anaelekea Sikonge, Urambo au Kaliua, ana panga. Hilo panga ndilo lililonibadilisha mawazo kuhusu visu, ingawa nilichelewa kuelewa. Nilikuwa nanunua kisu kama mtu asiye na panga: kinene, kizito, cha kupasulia kuni na kukatia matawi. Nikawa nabeba mapanga mawili, moja dogo.

Kuni zina mwenyewe. Kisu kina kazi zake: kukata masega, kukwangua gundi ya nyuki kwenye mbao za mzinga, kukata kamba, kuchonga kigingi, kuchinja kuku wa kambini, kumenya embe. Ukizigawa kazi hivyo, kisu kinachosifiwa sana kijiweni si lazima kiwe ndicho cha kununua.

Ninazungumzia kisu kisichokunjwa, bapa la sentimita 10 hadi 13, kinachokaa kiunoni ndani ya ala. Kikiwa kifupi zaidi, sega pana linakushinda. Kikiwa kirefu zaidi, kinakuchoma paja ukipanda mti. Vya kukunja sivitaki kabisa porini. Asali ikiingia kwenye bawaba, utakifungua kwa meno.

Wagombea wa kweli ni wawili. Wengine nimewaweka chini ili ujue kwa nini hawakupita.

Namba 1: Mora Companion ya chuma cha pua

Kinatoka Mora, mji wa mkoa wa Dalarna huko Uswidi, ambako visu vimefuliwa kwa karne nyingi. Kampuni yenyewe inahesabu umri wake tangu 1891. Bapa lina urefu wa milimita 104 na unene wa milimita 2.5. Mpini ni wa plastiki yenye mpira, unashikika hata kiganja kikiwa kinanata. Huko nje bei yake ni takriban dola 20. Hapa mjini sijakikuta dukani. Changu mpwa wangu alikitafuta Dar, akaja nacho kwa treni. Anayekuja kwa ndege asisahau kukiweka kwenye begi la chini, maana pale ukaguzini kitabaki.

Kilichokipa nafasi ya kwanza ni asali yenyewe. Mdomoni ni tamu, ila kwa chuma ni tindikali: pH yake huzunguka 3.9, kama juisi ya machungwa. Kisu cha chuma cha kawaida ukikilaza na asali usiku mmoja, asubuhi kina madoa meusi, na sega la kwanza utakalokata lina ladha ya msumari. Ukitaka kuthibitisha bila kupoteza asali, menya nacho embe bichi. Tabora miembe haijawahi kutusumbua kwa uhaba. Kabla hujamaliza embe la pili, bapa limebadilika rangi na nyama ya embe nayo imeingia weusi. Companion ya chuma cha pua, aina ya 12C27 yenye kromu ya asilimia 13.5 hivi, unaisuuza kwa maji ya dumu, unaipangusa, basi.

Sababu ya pili ni wembamba wake, na hapa ndipo wengi hawanielewi mpaka waone. Sega jeupe lililojaa mpaka juu halitaki nguvu. Kisu chembamba kinapita, vyumba vinabaki vimesimama, asali inachuruzika tone moja moja pale ulipokata tu. Kisu kinene kinalisukuma sega kabla hakijalikata. Vyumba vinapondeka, asali inamwagika ndani ya mzinga, nyuki wanazama humo, na waliobaki wanajua wa kumlaumu. Wewe uko juu ya mti, saa mbili usiku, moshi unaelekea kuisha.

Wakati wa kununua angalia jina kwenye pakiti. Yenye S ni ya chuma cha pua. Yenye C inashika kutu, ingawa kwa macho zinafanana na C inashika makali vizuri sana. Kuna pia toleo nene la milimita 3.2. Wauzaji watakuambia ndilo la wanaume. Liache, kwa sababu ile ile ya sega.

Na chukua chenye mpini wa rangi ya chungwa. Companion yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi kwa sababu nilidhani nyeusi inapendeza. Ilinidondoka mwezi wa nane, wakati miombo imekwisha kupukutisha, kwenye majani makavu yanayofika kifundo cha mguu. Tulipekua kwa tochi karibu nusu saa. Kijana niliyekuwa naye akasema, "Mzee, tukiache, humu wanalala wengine." Kiko huko mpaka leo.

Udhaifu wake: ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini haufiki mwisho. Kwa hiyo usikiweke juu ya gogo ukakigonga kwa rungu ili kipasue. Pia makali yake ni membamba, ukikikwangulia mfupa au kifundo cha mninga mkavu yanamegeka vipande vidogo kama meno ya msumeno. Kwangu hayo si makosa ya kisu. Panga liko pale pale.

Namba 2: Kisu cha mhunzi, cha springi ya gari

Hiki ndicho ninachokipenda, na kukiweka cha pili kumeniuma. Ufundi wa chuma kwetu haukuja na gari moshi. Kabla ya reli, majembe kutoka kwa wahunzi wa Usumbwa na Uzinza yalikuwa bidhaa kubwa Unyanyembe, yaani Tabora hii hii, na mahari ilitolewa kwa majembe. Siku hizi mhunzi haoki tena mawe ya chuma. Anafua springi za magari, na springi ni chuma kizuri. Ina kaboni ya kama asilimia 0.6, inakubali kukomazwa, na haivunjiki ovyo. Nilichonacho sasa nililipa shilingi 15,000, springi nikaja nayo mwenyewe.

Tatizo ni kwamba visu viwili vya wahunzi wawili, vyote vya springi, vinaweza kuwa kama maji na moto. Cha kwanza nilichowahi kununua, nisimtaje aliyekifua, kilikatika ncha siku ya tatu nikibandua gome la myombo la kufungia mzinga. Pale kilipokatika, ndani palikuwa na chembe kubwa zinazometa kama sukari guru. Ile ni alama ya chuma kilichochomwa mno.

Kwa hiyo usinunue kisu, nunua hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kukomaza: bapa linapashwa mpaka sumaku haishiki, yaani kama nyuzi 770, linaongezwa moto kidogo, kisha linazamishwa kwenye oili. Likitoka hapo ni gumu lakini ni kama glasi. Hatua ya pili ndiyo wengi wanairuka kwa haraka za wateja: kulirudisha kwenye moto mdogo, nyuzi 200 na kitu, mpaka chuma kilichosuguliwa kigeuke rangi. Nilimuuliza mzee mmoja huku mjini anajuaje kimefika.

"Shikamoo mzee. Hiki ukishakizamisha, unakirudisha motoni?"

"Marahaba. Bila kukirudisha ningekuuzia kioo, mwanangu. Nangoja kiwe na rangi ya asali ya mti wa mtundu, ile nyepesi. Kikienda kwenye bluu nimeshakipoteza."

Fundi anayekujibu namna hiyo, mpe hela yako. Anayekujibu "hiki chuma kikali, kijana, we beba tu", msalimie uende zako.

Hata hivyo maneno si kipimo, kwa hiyo nenda na tupa ndogo mfukoni. Ipitishe taratibu kwenye makali, pembeni karibu na mpini ambako hutaharibu. Ikiteleza kama inapita juu ya chupa, chuma kimekomaa. Ikiuma na kutoa unga, hicho ni kijiko. Kisha laza makali juu ya msumari mnene na ukandamize kidogo ukiwa umeuinamisha ule ukingo: makali mazuri yanapinda kwa upana wa unywele na kurudi. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimegeka, hakikurudishwa motoni. Fundi atanuna, lakini aliyekifua vizuri atakuangalia kwa heshima.

Chunguza pia kama kuna vivuli vya bluu karibu na makali. Hiyo ni kazi ya grenda: fundi amekinoa kwa mashine mpaka kikapata moto, na pale penye bluu makali hayatakaa. Uliza springi imetoka wapi. Iliyovunjika barabarani mara nyingi ina nyufa nyingine usizoziona. Afadhali kipande cha mbali na tundu la bolti na mbali na palipovunjika. Na mpini: chuma kifike mwisho wake, kikamatwe kwa riveti zisizopungua mbili. Mwambie asizidishe unene wa milimita 3. Atakushangaa, mwache ashangae.

Kutu unaidhibiti kwa kitu ambacho mrina asali hakosi, nta. Anika bapa juani mpaka lipate joto, lipake nta, lipanguse kwa kitambaa. Oili chafu usiiguse. Kisu hicho hicho kinakwenda kwenye chakula cha watu.

Kisu cha mhunzi kinampita Mora kwenye jambo moja kubwa. Kikivunjika mpini, kikipinda, makali yakiisha, unarudi pale pale kwa aliyekifua, anakurekebishia ukingoja. Kama kazi yako ni mizinga ya magome, kuchonga na kubandua kutwa nzima, na asali unaikata mara mbili kwa mwaka, basi geuza orodha yangu: hiki kwako ni namba 1. Vivyo hivyo kama huna mtu wa kukuletea Mora. Usikae msimu mzima unangoja mzigo.

Namba 3: Mora Garberg

Ni kisu kizuri kupita vyote hapa, na sikushauri ukinunue. Kilitoka mwaka 2016, bapa la milimita 109, unene wa milimita 3.2, chuma cha pua cha 14C28N, na ulimi wake unafika mwisho wa mpini na kuchungulia nje. Unaweza kukigonga kwa rungu. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya Companion, na unachoongezewa ni ubavu wa kufanya kazi za panga. Mtu wa Uswidi anayeingia msituni na kisu kimoja tu kiunoni, namwelewa. Sisi hatuingii hivyo.

Cha mwisho kabisa: kisu cha "komando"

Unavijua. Meno ya msumeno mgongoni, mpini wenye tundu ndani, kifuniko chenye dira, humo ndani ndoana na kiberiti. Mpini ukiwa mtupu, bapa limeshikwa na skrubu moja, na ndipo kitakapokatikia. Yale meno hayakati mti wala mfupa, yanachana ala. Kwa hela hiyo nunua kisu cha kawaida cha jikoni chenye mpini wa plastiki, ukitengenezee ala ya kipande cha dumu na ukishone kwa waya. Nimeona watu wakirinia hicho miaka na miaka, na kwenye sega kinafanya kazi nusura sawa na Companion. Kinachokiangusha ni mpini tu, unateleza.

Kunoa

Companion ina uso mmoja mpana wa makali kila upande. Laza uso huo wote juu ya kinoo, jiwe lenyewe linakuonyesha mwinamo, usiubuni. Sukuma kama unayetaka kukwangua ukoko mwembamba juu ya jiwe, pande zote sawa. Kisu cha mhunzi mara nyingi hakina uso kama huo. Hicho ushike mwinamo kwa mkono, ujue utakosea mara mbili tatu. Porini, kinoo kikisahaulika, geuza kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyopakwa rangi inarudisha makali ya kutosha kumaliza usiku.

Kwa sasa kiunoni nina Companion ya chungwa, ya pili. Cha mhunzi nilimwazima mpishi wetu wa kambi achinjie kuku mmoja, mwezi wa sita. Nikimuuliza, ananiambia bado anakinoa.