Uzoefu wangu na OSLC: zana za modeli na mahitaji kuzungumza bila kunakiliana

Kwenye mradi wetu wa breki za treni, mahitaji (yaani masharti ambayo mfumo lazima uyatimize) yanaandikwa kwenye programu moja, modeli za SysML (lugha ya michoro ya kubuni mifumo) zinachorwa kwenye nyingine, na majaribio yana makao yake. Zamani tulikuwa tunatoa mahitaji kwa faili la ReqIF (muundo wa faili wa kubadilishana mahitaji) na kulipakia kwenye zana ya modeli. Faili halijafika kwa kila mtu, sharti limeshabadilika, na mbunifu anaendelea kuchora kwa kufuata sharti lililofutwa. Kwenye breki hilo si jambo la kupuuza hata kidogo.

OSLC (Open Services for Lifecycle Collaboration), kiwango cha kuunganisha zana za uhandisi kupitia wavuti, ilitutoa huko. Kiwango hiki kilianza 2008 kwa msukumo wa IBM, kikahamia OASIS, shirika la viwango, 2013, na kinafuata kanuni za data zilizounganishwa alizoziandika Tim Berners-Lee 2006: kila kitu kiwe na anwani yake ya HTTP, na ukiifungua upate maelezo ambayo mashine inayaelewa, yenye viungo vya kwenda kwingine. Kwa hiyo sharti halihami. Modeli inashika anwani ya sharti na kusema tu kwamba kipande hiki kinalitimiza.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kidirisha cha kuchagulia. Niko ndani ya zana ya modeli, naomba kuongeza kiungo, na kidirisha kinachofunguka kinaletwa na seva ya mahitaji yenyewe. Natafuta, nachagua, anwani inarudi kwenye modeli. Hatukuandika skrini ya utafutaji hata moja! Upande wetu tulitumia Eclipse Lyo, maktaba huria ya Java: unaeleza madarasa yako, yenyewe inayageuza kuwa RDF, muundo wa data zilizounganishwa. Imetuokolea kazi nyingi, ingawa asiyewahi kugusa RDF ajipe muda wa kuisoma kwanza.

Sasa uthibitishaji, maana hapa ndipo timu nyingi hukwama. Seva tulizozikuta zinatumia OAuth 1.0a, utaratibu wa kuiruhusu programu itende kwa niaba ya mtumiaji. Kwanza msimamizi anasajili zana ya modeli kwenye seva ya mahitaji na kuipa ufunguo na siri yake. Kisha kila mtumiaji anaingia mwenyewe kwenye seva hiyo na kuikubalia zana itumie tokeni (kibali cha kidijitali) kwa niaba yake. Nenosiri langu halipiti kwenye zana ya modeli kabisa, na haki zinabaki kuwa zangu: mkandarasi asiyeruhusiwa kusoma mahitaji fulani ataona kiungo, lakini hakitamfungukia. Kwa mradi wenye kampuni kadhaa, hili peke yake linatosha kunishawishi.

Ugumu wa OAuth 1.0a uko kwenye sahihi, yaani saini ya kidijitali. Kila ombi hutiwa sahihi inayokokotolewa kutokana na mbinu ya HTTP, anwani kamili na vigezo, pamoja na saa ya ombi. Proksi yetu, seva ya kati inayopitisha maombi, ilikuwa inapokea https na kupeleka http kwa programu iliyo nyuma yake; anwani mbili tofauti, sahihi mbili tofauti, jibu ni 401 (hujathibitishwa) bila neno la ziada. Mkipatwa na hilo, hakikisheni proksi inapeleka itifaki na jina la seva vya asili na programu inavisoma, kisha mkague saa za seva zote. Kwa mfumo mpya ningeanza moja kwa moja na OpenID Connect, utaratibu mpya zaidi wa kuingia, juu ya TLS (usimbaji wa mawasiliano), ambako hakuna mambo ya kutia sahihi kila ombi.

Lawama yangu ni kwa wauzaji wanaoandika "tunaunga mkono OSLC" wakati wametekeleza kipande tu. Huduma ya kuuliza data, kwa mfano, si ya lazima kwenye kiwango, na bila hiyo ni shida kujua modeli zipi zinaelekeza kwenye sharti lako. Kabla ya kulipa, ombeni muoneshwe katalogi ya huduma kwenye seva inayofanya kazi, kidirisha kikifunguka kutoka kwenye zana ya kampuni nyingine, na mtumiaji asiye na haki akikataliwa.