Subaru Impreza WRX ya mkononi: mkanda wa taimingi kwanza, rimu baadaye

Watazamaji, karibuni. Kabla sijafungua boneti, naomba kamera isogee hapa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mahali ambapo karakana nyingi za Japani hubandika stika ndogo kila zinapobadilisha oili. Mwaka ulioandikwa hapa ni 24, nao si 2024 kama alivyoniambia dalali kwa uso mkavu, bali ni mwaka wa 24 wa enzi ya Heisei, yaani 2012. Ukitaka kuusoma mwaka wa Heisei unajumlisha 1988, basi. Chini ya mwaka huo pameandikwa kilomita 97,400. Sasa tutazame dashibodi, ambayo inasoma 84,112. Gari limepanda meli kutoka Japani, likatumika Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 10, na bado kilomita zake zimepungua.

Hili ndilo gari mlilolipigia kura, Impreza WRX ya mwaka 2003, na nimelinunua kwa ajili ya chaneli hii. Sitawachosha kwa habari za nguvu farasi 250, turbo na magurudumu manne yanayosukuma, kwa sababu mambo hayo mnayajua vizuri kuliko namba zenu za NIDA. Wala sina haja ya kueleza kwa nini Impreza inapendwa Afrika Mashariki, kwani Colin McRae alishinda Safari Rally nayo mwaka 1997, na Richard Burns akaongeza ushindi mwingine mwaka 2000. Lakini magari yale yalikuwa yakifunguliwa na mafundi kila siku ya mashindano. Hili la kwangu, kwa ushahidi nitakaowaonyesha, halijafunguliwa na mtu yeyote mwenye nia njema.

Boneti hiyo. Kitu cha kwanza kinachong'aa ni valvu hii nyekundu ya kutoa upepo wa turbo nje, ile inayopiga mluzi mkubwa unapoachia mafuta ili ubadilishe gia, na ambayo vijana wengi huiona kuwa ndiyo Subaru yenyewe. Mwenye gari aliyepita alipata fedha ya kununua mluzi. Tatizo ni kwamba injini hii hupima hewa mapema, pale karibu na chujio, kisha kompyuta yake hupanga petroli kulingana na hewa iliyokwisha kupimwa. Ukiimwaga hewa hiyo nje badala ya kuirudisha ndani ya bomba kama kiwanda kilivyokusudia, petroli inabaki nyingi kuliko hewa kila unapobadilisha gia, na ndiyo maana bomba la moshi la gari hili ni jeusi kama chungu cha makande. Valvu ya kiwandani niliikuta kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Imerudi mahali pake, na mluzi umekwisha.

Kitu ambacho sikukiona chini ya boneti ndicho kilichoniudhi zaidi. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu zifuate mwendo wa pistoni, kwa kawaida hubandika stika nyingine huku ndani, juu ya kava ya injini au karibu na rejeta, yenye tarehe na kilomita za siku hiyo. Hapa hakuna stika, wala hakuna alama ya gundi ya stika iliyobanduka. Nilipomuuliza dalali, alinijibu kwamba mkanda bado una nguvu, kana kwamba aliuona. Mkanda wa injini hii umefichwa nyuma ya kava tatu za plastiki, na bolti za kava hizo zilikuwa na kutu isiyoguswa na spana kwa miaka mingi. Ratiba ya kiwanda kwa soko la Japani ni kilomita 100,000. Stika ya mlangoni inasema gari lilikaribia idadi hiyo mwaka 2012. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Injini ya gari hili, iitwayo EJ20, ina kamshafti nne, yaani shafti zinazofungua valvu, mbili kila upande, na zote huzungushwa na mkanda mmoja mrefu wa mpira unaopita pia kwenye pampu ya maji. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama hapo hapo huku pistoni zikiendelea kupanda kwa kasi ya gari, na katika injini hii pistoni na valvu hutumia nafasi ile ile kwa zamu, hivyo zamu ikivurugika zinakutana. Valvu hupinda. Hapo hamzungumzii tena mkanda. Mnazungumzia kufungua silinda hedi zote mbili, au kutafuta injini ya mtumba, ambayo nayo itakuja na mkanda wake usiojulikana.

Sasa tuje mezani, maana hapa ndipo nitakapokaa. Kushoto kwangu ni vitu vilivyotoka, na kulia ni seti mpya ya kampuni ya Aisin: mkanda, puli za kuongoza, tenshena na pampu ya maji. Wapo mafundi wanaobadilisha mkanda peke yake ili kumpunguzia mteja gharama, na wateja huwashukuru. Sikilizeni puli hii ya zamani yenye meno. Naizungusha kwa kidole, nasogeza kipaza sauti. Huo mkwaruzo ni beringi iliyokauka grisi. Mpya naizungusha vivyo hivyo, nayo haitoi sauti na inasimama mapema, kwa sababu grisi yake bado ni nzito. Wengi hudhani puli inayozunguka muda mrefu ndiyo nzima, kumbe ni kinyume chake. Ukiweka mkanda mpya juu ya beringi hii iliyokufa, beringi ikijifunga mkanda utakatika hata kama ulifungwa wiki iliyopita.

Tenshena ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote hapa mezani. Ni silinda ndogo yenye mafuta ndani na fimbo inayosukuma puli ili mkanda usilegee. Hii ya zamani ina unyevu wa mafuta kuzunguka fimbo, mnauona ukimeremeta? Kipimo chake hakihitaji mashine: unaishika kwa mikono miwili, unaielekeza fimbo ukutani na kuisukuma kwa nguvu ya kama kilo 30. Ikiwa nzima, fimbo haizami. Naisukuma. Imezama kama kidole kwenye tope. Nairudia ili walio kwenye simu ndogo waone: imezama tena. Kifaa hiki kilikuwa kimeacha kazi, na mkanda ulikuwa ukijiendea tu, ukisubiri siku ambayo gari lingetikisika vya kutosha kuurusha jino moja.

Ile mpya huja ikiwa imebanwa tayari, na pini nyembamba imepita kwenye tundu kuizuia fimbo. Pini hiyo huchomolewa mwishoni kabisa, mkanda ukiwa umekwisha kukaa kwenye alama zote za gia. Endapo itachomoka mapema, msiibane kwa nyundo wala kwa haraka. Unaisimamisha wima kwenye jiliwa na kuikaza polepole kwa zaidi ya dakika tatu, kisha unaingiza pini ya milimita 2. Ukiharakisha, unaharibu sili ya ndani, na tenshena mpya inakuwa ya zamani kabla haijaonja joto la injini.

Kuhusu alama, naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo injini nyingi huuawa na mtu aliyekuja kuziponya. Kwenye gia ya krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kuna mshale mkubwa unaovutia macho. Mshale huo si wa kazi hii. Alama inayotakiwa ni mkwaruzo mdogo ulio kwenye jino la nyuma la gia hiyo, nao unapaswa kuelekea juu kabisa, ukitazamana na alama iliyo kwenye mwili wa pampu ya oili. Krankshafti ikikaa hivyo, pistoni zote nne huwa katikati ya silinda, mahali ambapo haziwezi kugusa valvu. Anayefuata mshale huzipeleka pistoni mbili juu kabisa, kisha anaanza kuzungusha kamshafti.

Halafu kuna upande wa kushoto wa gari, yaani upande wa abiria. Kamshafti za upande huo, zikiwa kwenye alama zake, hubeba mvutano wa springi za valvu, kwa hiyo ukiutoa mkanda zinaweza kuruka zenyewe. Tazameni video hii tuliyoirekodi jana: nautelezesha mkanda nje, na gia ya juu inaruka hivi. Sauti hiyo isiwape presha. Hatari ni kuirudisha kwa nguvu bila kufikiri, kwa sababu valvu za upande huo zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe. Unashika gia moja moja, unaizungusha taratibu kuelekea njia fupi, na ukihisi kizuizi unasimama. Mkanda ukishakaa, zungusha krankshafti kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha kagua alama za gia. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake baada ya hapo, wala haitakiwi kurudi. Ilikuwa ya kufungia tu.

Jambo jingine dogo ni kibati hiki kilichopinda, ambacho hukaa juu ya gia ya krankshafti kwenye magari ya gia za mkono. Kazi yake ni kuzuia mkanda usiruke pale gari linapoegeshwa mlimani likiwa ndani ya gia na kurudi nyuma kidogo. Kati yake na mkanda inatakiwa nafasi ya milimita 1. Kwenye gari hili kilikuwa kimeachwa kabisa, na tundu za bolti zake zina vumbi.

Najua tayari kuna mtu anaandika kwamba angenunua Mitsubishi Lancer Evolution. Ndugu yangu, injini yake ya 4G63 ina mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mwingine wa shafti za kusawazisha, na ule mdogo ukikatika huweza kunaswa na mkubwa. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE nayo ina mkanda. Wenye Golf GTI za mnyororo badala ya mkanda wasicheke pia, kwa sababu tenshena ya mnyororo nayo huchoka, na Evolution X yenye mnyororo bei yake si ya chaneli yenye wafuasi wachache kama hii. Mkitaka nifike huko, bonyezeni kitufe cha kujiunga.

Mengine nayapitia haraka. Oili ya giaboksi ilitoka nyeusi, na kumbukeni kwamba kwenye giaboksi hii ya gia tano, difu ya mbele hutumia oili ile ile ya giaboksi, hivyo kuiacha ni kuvitesa vitu viwili kwa mpigo. Difu ya nyuma ina yake, na haifiki hata lita moja. Kwenye rejeta hamkuwa na kulanti bali maji ya bomba yenye rangi ya chai, na pampu ya maji iliyotoka ina kutu kwenye mapanga yake. Mafuta ya breki yalikuwa ya kahawia. Tairi zilikuwa za aina tatu tofauti, mbili zimeisha na mbili mpya, jambo ambalo kwenye gari la magurudumu manne linaufanya mfumo wa katikati, unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ufanye kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka. Nimefunga nne zinazofanana, za bei ya kawaida, na zile rimu za inchi 18 nimeziuza.

Rimu hizo, kwa taarifa yenu, ndizo zilizolipia kazi yote ya mkanda. Seti ya mkanda niliipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa laki sita na ushee, wakati duka la jirani lilikuwa na seti isiyo na jina kwa laki moja na nusu, boksi zuri kabisa, lakini puli zake zilizunguka kwa muda mrefu mno kwa kidole. Ufundi sikuulipia kwa sababu niliufanya mwenyewe, lakini anayepeleka kwa fundi asikubali kazi ya namna hii ifanyike bila yeye kuonyeshwa vifaa vya zamani.

Je, nalipendekeza gari hili? Kwa bei niliyonunulia, hapana. Kwa bei hiyo ukiondoa seti, tairi na oili zote, ndiyo, na dalali akikataa kupunguza, mwachie na mluzi wake. Wenzetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe, kwa hiyo WRX za umri huu walizonazo ziliingia zamani na zimezungushwa mikono mingi kama hili. Kwao namshauri mnunuzi afungue kava ya mkanda kabla ya kulipa, kazi ya bolti chache tu, akiwa na tochi. Mimi nimelijaribu jana usiku hadi Mbezi na kurudi. Turbo inavuta vizuri, joto limetulia, ila klachi inateleza kwenye gia ya nne ukikanyaga kwa nguvu, na giaboksi itashuka Jumamosi.