Waridi la Arusha lifike Moshi likiwa zima: uzoefu wangu wa oda mbili

Mama mdogo aliyenilea aliteleza akavunjika mguu wiki moja kabla sijajifungua. Alikuwa nyuma ya nyumba yake kule Rau, Moshi, amebeba majani ya ng'ombe, na mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo. Alifanyiwa upasuaji, akalazwa, na siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani mimi nilikuwa Sakina, Arusha, na kichanga cha siku 12. Yeye ndiye aliyekuwa aje kukaa nami: anipikie mtori, amwogeshe mtoto, anikataze kushika maji baridi. Badala yake kila mmoja yuko kitandani kwake, kati yetu kuna kilomita 80, na mzazi wa siku 12 hapandi kosta.

Nikaamua kumtumia maua. Sukari, mchele na maziwa alishaletewa na kila aliyekuja kumjulia hali, na pesa ya dawa nilikuwa nimeshatuma. Ila mama mdogo ni mtu wa maua tangu nimfahamu. Ana mawaridi mekundu pembeni ya geti ambayo huyamwagia maji ya kuoshea vyombo kila jioni, na mtoto akichuma moja bila ruhusa atalisikia hilo neno mpaka Krismasi. Nilijua mwezi huo wa Februari, jua likiwaka vile, hakuna aliyekuwa anakumbuka kuyamwagia.

Namba ya duka nilipewa na jirani. Liko katikati ya mji wa Arusha, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, jina nitaliacha. Kila kitu tulimalizia WhatsApp: nikatumiwa picha, nikachagua mawaridi 15 ya rangi ya waridi mpauko yaliyochanganywa na krisanthemamu nyeupe, shilingi 45,000, na usafiri mpaka mlangoni Moshi 12,000. Nikalipia kwa lipa namba. Kwenye kadi niliomba waandike: "Ugua pole mama. Mjukuu wako anakusubiri umwogeshe." Niliambiwa yataondoka asubuhi na yatafika kabla ya saa sita.

Kitu ambacho sikukipa uzito ni tarehe. Ilikuwa wiki ya Valentaini. Wiki hiyo kila mwenye duka la maua Arusha anafunga oda mpaka usiku, bei zinapanda, na oda ya mgonjwa wa Moshi inasubiri foleni nyuma ya oda za hotelini. Maua yangu yaliondoka saa nne na nusu. Yalipakiwa kwenye kosta kama mzigo mwingine wowote, yakafika stendi ya Moshi saa saba, yakakaa pale yakimsubiri bodaboda, na saa tisa kasoro ndipo yakagonga geti.

Binamu yangu akanipigia picha. Nimeitazama ile picha mara nyingi. Shingo za mawaridi zilikuwa zimekunjika chini kidogo tu ya kichwa, kama mtu aliyesinzia kwenye daladala. Petali za nje zilikuwa na madoa ya kahawia, na ile nailoni ya kufungia ilikuwa imetoa jasho kwa ndani, matone yamegandamana na maua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jirani alipoona bodaboda amesimama getini na maua meupe ndani ya nailoni, aliingia mbio kuuliza nani amefariki. Mtaani kwao maua ya namna ile huyaona juu ya jeneza.

Mama mdogo alipokea simu akanishukuru kwa muda mrefu sana. Akasema ni mazuri, yananukia, Mungu anibariki. Namfahamu. Alikuwa ananisitiri.

Nilimwandikia dada wa duka nikiwa na hasira na nikamtumia picha. Hapa ndipo ninapoanza kumsifu. Hakubishana nami kwa ujumbe, alipiga simu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, naomba picha ya mwisho wa shina, siyo ya ua." Binamu akapiga. Mashina yalikuwa yamefungwa pamba iliyoloweshwa Arusha, na mpaka kufika Rau pamba ilikuwa imekauka kama ya sandukuni. Akasema basi, kosa ni la kwake, nisimlaumu konda.

Halafu akatupa maelekezo palepale. Binamu akate kila shina sentimita 2 au 3 kwa mshazari, akatie ndani ya beseni la maji, siyo hewani. Atoe majani yote yatakayozama. Ayaviringishe mawaridi kwenye gazeti yakiwa yamesimama wima, ayatie kwenye ndoo yenye maji mengi, ayaweke chumba chenye giza na ubaridi kwa saa kadhaa. Sikuamini sana, lakini tukafanya. Kufika usiku mawaridi 6 kati ya 15 yalikuwa yamenyanyua shingo. Mengine hayakurudi.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanikera tangu mchana. Nimekulia barabara hii. Ukipita Tengeru na Usa River unayaona magrinhausi ya maua, na kila mtu wa Arusha anajua mawaridi yale yanapanda ndege kwenda kuuzwa Uholanzi. Inakuwaje ua linafika Ulaya likiwa zima na linakufa kabla ya kufika Moshi?

Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya yote. "Lile la Uholanzi," alisema, "linakatwa mapema kabla ya jua, linatiwa kwenye ndoo ya maji palepale shambani, halafu linaingia chumba cha baridi, nyuzi 2 mpaka 4. Likishapoa ndipo linafungwa kwenye boksi, na linaweza kusafiri bila maji kwa sababu baridi imelilaza. Baridi haikatiki njiani. La kwako lilisafiri bila maji na bila baridi. Ua linaweza kuvumilia kukosa kimoja. Viwili haliwezi." Akaongeza kwamba shina likikaa nje ya maji huvuta hewa, na ile hewa huziba njia ndani yake, ndiyo maana kulirudisha tu kwenye chombo hakusaidii mpaka ulikate upya.

Na barabara yenyewe mnaijua. Ukiondoka Arusha kuna kaubaridi ka mlimani, Meru iko juu yako. Ukishapita Kikatiti kuelekea njia panda ya KIA na Boma Ng'ombe, uwanda umefunguka, upepo mkavu, jua la saa sita juu ya bati la gari. Mtu mzima mwenyewe anafika Moshi ameshamaliza chupa ya maji.

Oda ya pili aliitoa kwake, maua bure, mimi nikalipia usafiri peke yake. Alinisihi tusubiri Valentaini ipite. Ilikwenda Jumanne iliyofuata. Safari hii niliomba kusiwe na ua jeupe hata moja, akachanganya mawaridi ya chungwa na karnesheni za rangi ya waridi iliyokolea. Yaliondoka saa kumi na mbili asubuhi, yamesimama ndani ya ndoo ya lita 10 yenye maji theluthi moja, ndoo imebanwa nyuma ya kiti cha dereva wa gari dogo anayekwenda Moshi kila siku. Hakuna nailoni, ni karatasi tu iliyozungushiwa kwa nje. Dereva hakuyaacha stendi. Kwa shilingi 5,000 zaidi aliingia mpaka Rau, na saa mbili na dakika arobaini simu yangu ikaita kwa video.

Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mito miwili, ndoo nzima iko mapajani kwake. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa petali, taratibu, kama anavyopima joto la mtoto. Matumba yalikuwa bado yamefumba nusu. Hakunishukuru kwa maneno mengi. Alisema, "Haya yamekuja leo," akanyamaza, akaanza kuyahesabu.

Kuna somo jingine lilitokea siku ya tatu. Binamu akaniambia karnesheni mbili zimejikunja petali kwa ndani, zimesinyaa kama zinarudi kuwa tumba, na mawaridi yako sawa. Nikamuuliza dada wa duka, naye akauliza chombo kimewekwa wapi. Kwenye meza ya chakula. Na pembeni yake kuna nini? Chane mbili za ndizi mbivu na parachichi. Ni nyumba ya Mchaga, ndizi zitakosekanaje mezani? Kumbe tunda linaloiva hutoa gesi, wataalamu wanaiita ethilini, ndiyo hiyohiyo inayoivisha ndizi mbichi ukizifungia pamoja na mbivu, na kwa ua gesi hiyo ni uzee. Karnesheni ni miongoni mwa maua yanayoisikia haraka sana. Wakahamishia chombo kwenye stuli karibu na dirisha lisilopigwa na jua, maji yakawa yanabadilishwa kila baada ya siku mbili, na ua la mwisho lilitupwa siku ya kumi. Natamani karatasi yenye maneno hayo matatu ya ndizi, jua na maji iwe inatumwa pamoja na kila oda. Wapokeaji wengi hawajawahi kuletewa maua ya kukata maishani mwao, watajuaje?

Arobaini ilipoisha nilimbeba mtoto nikaenda dukani kushukuru, na pia nilitaka kuona kwa macho yangu. Ni chumba kimoja chembamba. Friji ya vioo kama ya soda, ndoo zimepangwa chini, kila ndoo ina kipande cha plasta kimeandikwa siku maua yalipoingia. Nilimwona akipukuta miiba kwa kitambaa kigumu, mkono mmoja unashuka na shina, mwingine tayari unatumbukiza kisu kwenye beseni. Alinifundisha kupima ua kwa kulibinya polepole chini ya tumba, pale petali zinapoanzia: likiwa gumu ni jipya, likiwa teketeke kama kitunguu kilichokaa, limeshalala dukani. Petali za nje zenye michubuko wala zisikutishe, hizo ndizo zilizolinda za ndani, unazichomoa mbili tatu tu. Na aliniambia kwamba mashambani mawaridi hupangwa kwa urefu wa shina, marefu yaliyonyooka ndiyo yanayosafirishwa nje, mengi ya haya tunayonunua mjini ni mafupi. Kwangu hilo halina shida yoyote. Mgonjwa anatazama ua, hapimi shina.

Kesho yake tulipanda kwenda Moshi. Mama mdogo alimwogesha mtoto akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa, nami nikimwagiwa maelekezo kama ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo. Alipomaliza akanipeleka kwa magongo yake mpaka pembeni ya geti. Alikuwa amekata mashina manne ya yale mawaridi ya chungwa, akayachomeka ardhini, kila moja amelifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Matatu yalikuwa meusi. La nne lilikuwa na chipukizi jekundu, refu kama punje ya mchele.

Sasa hukumu yangu. Kwa kazi ya mikono, kwa kukubali kosa na kulirekebisha, huduma hii naipa nyota nne kati ya tano na nitaitumia tena. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu tatu. Bei hazitajwi mpaka uulize, na ile 5,000 ya ziada ya dereva kuingia mpaka Rau nimeijua oda ya pili. Ndoo ya maji inapaswa kuwa utaratibu wa kila oda ya nje ya mji, isiwe fidia ya mteja aliyelalamika. Na wiki ya Valentaini waseme wazi kwamba Moshi hawataweza. Ningesubiri bila kinyongo.

Kama unatuma kwa mara ya kwanza, muulize muuzaji maua yamekatwa lini, yataondoka saa ngapi, yatasafiri ndani ya nini, na nani atayashika kati ya stendi na nyumba. Hilo la mwisho ndilo linaloua maua mengi. Ukijibiwa "usijali dada", endelea kuuliza. Na kama anayepokea ni mgonjwa au mtu mzima, chagua rangi inayochangamka.

Mimi nimeshaweka oda ya Siku ya Mama, mwezi Mei. Rangi ni ya chungwa tena, ameomba mwenyewe, anataka vijiti vingine vya kupanda.