Holda ya kishikwambi ndani ya gari linalotikisika: uzoefu wangu wa miezi 14

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikiendesha gari la kusambazia mizigo, huku kishikwambi cha inchi 10 kikiwa mbele yangu kinanionyesha ramani na orodha ya vituo. Katika muda huo nimetumia holda mbili za namna tofauti. Ya kwanza ilinichosha macho hadi nikaing'oa. Ya pili ipo garini hadi leo. Nilipokuwa natafuta ya kununua, sifa nilizozisoma zilihusu karibu zote nguvu ya kushika, na urefu wa mkono haukutajwa. Mimi nimejifunza kwamba urefu huo ndio unaoamua kama skrini itasomeka gari likiwa katika mwendo.

Holda ya kwanza ilikuwa na kikombe cha mpira chenye kipenyo cha sentimita 8, kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, na mkono wa chuma unaopindika wenye urefu wa sentimita 24. Kuhusu kushika sina lawama. Hewa inayotuzunguka hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya karibu niutoni 10, na kikombe cha ukubwa ule kina eneo la sentimita za mraba 50. Hata ikiwa ni nusu tu ya hewa iliyotolewa chini yake, bado kinabanwa kwa niutoni 250 hivi, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 25, ilhali kishikwambi changu hakifiki hata kilo moja. Sharti ni kioo kiwe safi na laini. Nilipojaribu kukibandika kikombe hicho juu ya dashibodi yenye uso wa mikunjo kiling'oka kabla ya saa moja kupita, kwa kuwa hewa hupenya kidogo kidogo katika mikunjo ya plastiki, na jua likiulainisha mpira ukingo wake huanza kuinuka.

Tatizo lilikuwa mtikisiko. Kwenye lami kishikwambi kilitulia, lakini nikiingia barabara ya changarawe majina ya mitaa yalikuwa yanaonekana mawili mawili, na nilijikuta nikiyakazia macho kwa sekunde nyingi kuliko inavyompasa mtu aliyeshika usukani. Hilo lilinitia hofu ya kweli. Skrini isiyosomeka kwa kuitupia jicho mara moja ni hatari kuliko kutokuwa na skrini kabisa.

Ili nielewe kinachotokea, nilisimamisha gari, nikazima injini, nikakigusa kishikwambi kwa kidole kwa nguvu kidogo, na kukirekodi kwa simu inayopiga picha 240 kwa sekunde. Nilipoirudia video picha kwa picha, niliona kwamba kishikwambi kilikwenda na kurudi mara moja katika kila picha 22, yaani karibu mara 11 kwa sekunde. Hapo ndipo nilipoipata sababu. Bodi zima la gari huinuka na kushuka polepole juu ya springi zake, kiasi cha mara 1 hadi 2 kwa sekunde, lakini magurudumu na ekseli hudunda kwa kasi zaidi, kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, na mdundo huo hupanda hadi kwenye bodi. Holda yangu ilikuwa na mdundo wa asili, yaani kasi inayotikisika nayo yenyewe ikiguswa, ulioangukia ndani ya mdundo wa magurudumu, kwa hiyo kila tikisiko la barabara lilikuwa linaiongezea nguvu, mithili ya bembea inayosukumwa kila inaporudi.

Holda ya pili haina kikombe. Ina bamba dogo la chuma linalofungwa kwa skrubu nne kwenye kiunzi kilicho chini ya dashibodi, mkono mnene wa alumini wenye urefu wa sentimita 12, na gololi mbili zilizovikwa mpira, moja kila mwisho, ambazo ndizo viungo vyake vya kuzungushia. Kwa mhimili ulioshikwa upande mmoja, kuufupisha kwa nusu huufanya uwe mgumu kupinda mara nane, na mdundo wake hupanda karibu mara tatu, hata kabla ya kuhesabu unene wa alumini. Nilirudia kipimo kile kile cha video na kupata picha 8 kwa kila mtikisiko, yaani mara 30 kwa sekunde, mbali kabisa na mdundo wa magurudumu. Kwenye barabara ile ile ya changarawe sasa nayasoma majina ya mitaa bila kuyatafuta.

Ufupi huo umeniondolea na kero ya pili, ya kishikwambi kuinama chenyewe. Kwenye tuta, uzito wake huongezeka kwa muda mfupi, na mkono ukiwa mrefu uzito huo hukizungusha kiungo kwa nguvu zaidi. Mkono ukiwa nusu, nguvu hiyo nayo huwa nusu. Mpira uliovikwa kwenye gololi una kazi mbili kwa pamoja: huongeza msuguano ili kiungo kisiteleze, na hula sehemu ya mtikisiko na kuigeuza joto. Nimekaza nati ya mkono mara tatu tu tangu niifunge.

Ufungaji wake lakini unataka subira. Kabla ya kutoboa nilifungua kifuniko cha chini ili nione nyaya zinapita wapi, na nilisoma kitabu cha gari ili nijue mifuko ya hewa ya usalama inatokea wapi. Mfuko huo hujaa ndani ya milisekunde 30 hadi 50, na kitu chochote kilichosimama kwenye njia yake hurushwa kuelekea usoni kwa mtu. Kwa hiyo sehemu ya juu ya dashibodi mbele ya abiria niliiacha kabisa, ingawa ndiyo iliyokuwa rahisi kufunga. Nilihakikisha pia kwamba skrini haivuki ukingo wa chini wa kioo cha mbele. Mashimo hayo manne hayafutiki, na holda hii haihamishwi kwenda gari jingine kwa urahisi. Anayeazima magari ya watu haitamfaa.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Ikiwa chini ya dashibodi, holda hii hukiweka kishikwambi kivulini, tofauti na pale kiooni ambapo kilikuwa kikizima chenyewe adhuhuri kwa sababu ya joto. Apple, kwa mfano, hutaja nyuzi 35 za selsiasi kuwa kikomo cha joto la mazingira ambamo vifaa vyake vinafaa kutumiwa, na nyuma ya kioo kwenye jua kikomo hicho hupitwa haraka. Kwa wanaofunga simu kwenye usukani wa pikipiki nawasihi wawe waangalifu zaidi, maana mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilitoa tahadhari kwamba mitikisiko ya injini kubwa za pikipiki inaweza kuharibu taratibu sehemu za kamera zinazotuliza picha. Huko mkono mfupi pekee hautoshi, panahitajika kipande cha kufyonza mtikisiko kati ya holda na simu.

Kasoro kubwa ya holda yangu ya pili ni makucha yanayokishika kishikwambi. Yako manne, hayasogei pembeni, na moja limekaa juu kabisa ya kitufe cha kuwashia, hivyo mara mbili kishikwambi kimezimika nikiwa njiani baada ya tuta kubwa. Nimechonga kipande cha sponji ngumu na kukibandika pembeni ya kitufe ili kucha lisikiguse, na tangu hapo hakijazimika tena. Lakini holda iliyofikiriwa vizuri namna hii kwenye mkono na viungo ilistahili makucha yanayosogezwa na mtumiaji mwenyewe.