Eliptiko ya bei ya juu: kagua pedali kabla ya skrini

Muuzaji wa eliptiko, mashine ya mazoezi unayoikanyaga ukiwa umesimama, akianza kukuonyesha skrini, mwombe asubiri, panda kwanza kwenye pedali. Pesa ya ziada unayolipia eliptiko ya daraja la juu ina maana pale tu inapoonekana chini: kwenye urefu wa hatua, nafasi kati ya pedali, gurudumu zito la ndani linalolainisha mzunguko, na maungio.

Hatua, yaani umbali ambao pedali husafiri kutoka mbele hadi nyuma, ndiyo ya kwanza. Kwa makadirio, mtu asiyefika sm 160 hutosheka na hatua ya sm 41 hadi 46. Wa sm 160 hadi 180 anahitaji sm 46 hadi 51. Mrefu zaidi ya hapo atafute sm 51 hadi 56. Hatua fupi hugeuza mazoezi kuwa kupanda ngazi, magoti yakichoka kabla ya pumzi. Ikizidi urefu, nyonga huyumba na kisigino hunyanyuka kila pedali inaporudi nyuma. Zipo mashine zinazobadili urefu wa hatua kwa mota, na nyumba yenye watu wa vimo tofauti itazifurahia. Ila kila mota ni kitu kingine cha kuharibika.

Nafasi kati ya pedali haitajwi sana kwenye vipeperushi, kwa hiyo nenda na tepu. Pima kutoka ukingo wa ndani wa pedali moja hadi wa nyingine. Sm 5 au chini yake ni nzuri. Zikifika sm 10 utatembea umetanua miguu, na maumivu yatakujia upande wa nje wa goti au nyonga.

Gurudumu zito ndilo linalopotosha wengi. Tangazo litajigamba kwa kilo 14, lakini kilo peke yake hazisemi kitu, kwa sababu nishati inayohifadhiwa hukua kwa mraba wa kasi. Gurudumu la kilo 9 likizungushwa kwa kasi maradufu ya lile la kilo 14 lenye umbo na kipenyo kilekile, hubeba nishati takriban mara mbili na nusu ya hilo zito. Namna ya kupima ni hii: pandisha ukinzani karibu na mwisho, kisha tembea polepole, mizunguko 30 hivi kwa dakika. Mashine nzuri itaendelea kuteleza. Dhaifu itakwama kidogo kila pedali inapofika juu na chini. Rudia ukienda kinyumenyume. Kwa kasi kubwa karibu kila mashine huonekana laini, kwa hiyo usiijaribu kwa dakika mbili za mbio. Kaa juu yake dakika 15, vidole vya miguu vikianza kufa ganzi, pembe ya pedali haikufai.

Baada ya hapo piga magoti uangalie maungio. Bushi za plastiki, yaani vipete vilivyo ndani ya maungio, hulika na kuanza kuchezacheza. Beringi zilizozibwa hustahimili miaka mingi zaidi. Shika mkono wa pedali, utikise kulia na kushoto: mashine mpya haipaswi kucheza hata kidogo. Kwa mashine ambazo mikono ya pedali hutembea kwa rola juu ya reli, pitisha kidole kwenye rola. Vumbi likikwama hapo, rola huchimbika na utasikia kishindo kila mzunguko, kwa hiyo reli zifutwe kwa kitambaa kikavu kila wiki.

Mlio wa "tik" unaotokea mahali palepale kwenye kila mzunguko mara nyingi ni boliti ya mkono wa pedali iliyolegea. Kaza mapema, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukiendelea kuitumia hivyo hivyo, tundu la mkono hulika na kupanuka, na hapo hakuna spana itakayosaidia, ni kununua mkono mpya. Hata mashine isiyo na kelele ikazwe boliti zote wiki mbili baada ya kufungwa.

Dari nayo husahaulika. Jumlisha kimo chako, kimo cha pedali ikiwa juu kabisa, na sm 15 za usalama. Mtu wa sm 180 kwenye pedali inayopanda sm 40 anahitaji sm 235. Kama mashine ina mwinuko wa kupandishwa, pima ikiwa imepandishwa.

Sasa skrini. Kalori zake zichukulie kwa tahadhari, hasa kama haikuuliza uzito wako. Wati zinasaidia zaidi: wati 150 kwa nusu saa ni kilojuli 270 za kazi, na kwa kuwa mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati kuwa mwendo, umetumia karibu kilokalori 260 hivi. Skrini ikikuandikia 500, inakubembeleza. Mapigo ya moyo yapimwe kwa mkanda wa kifuani, maana vishikio hubahatisha mikono ikitoka jasho.

Uliza pia skrini inabaki na nini usajili wa kila mwezi ukikatishwa. Nyingine hubaki na kitufe cha kuanza na namba chache tu. Dhamana isome kwa mafungu matatu: fremu, vipuri, na kazi ya fundi. Fremu huwa na miaka mingi, lakini si fremu inayoharibika, ni mkanda, rola na saketi. Na kabla hujasaini, hakikisha maandishi hayafuti dhamana ukiiweka mashine gereji au ikitumiwa na watu wasio wa nyumba yako.