Sanduku la jua la kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa: nalipa nyota tatu kati ya tano, na madumu siyaachi

Wakuu, hili sanduku la kioo linalosambaa sana kwenye video za mtandaoni, lile unalimwagia maji ya bahari asubuhi afu jioni unakunywa maji matamu, mimi nimelitengenezesha na nimelitumia kwenye kazi zetu za dago huku kisiwani Mafia, kwahiyo naongea kwa kuliona sio kwa kuhadithiwa. Kwa kifupi linafanya kazi, maji yanatoka na chumvi haimo kabisa, ila sio mengi kama wanavyokuonyesha, na ukiwa juu ya chombo kinachotembea ni habari tofauti kabisa na ukiwa umeliweka mchangani.

Kwa asiyejua dago ni nini, wavuvi mnahamia kakisiwa fulani mnapiga kambi hapohapo mnavua, mnalala, samaki anaingia barafuni au anakaushwa, mpaka bamvu (siku za maji makubwa) lipite ndo mnarudi. Tatizo la hivi visiwa vidogo ni maji. Vingi havina kisima, na penye kisima unakuta maji ya chumvichumvi hata chai haikubali. Kunywa maji ya bahari ndo usithubutu, lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35 na figo ya binadamu haiwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwahiyo ukinywa kikombe mwili unatoa maji mengi zaidi ya uliyonywa, unakauka huku umelowa mdomo. Watu wa Jibondo, kisiwa kidogo jirani na Mafia, wanajua hii shida vizuri kuliko mtu yeyote, miaka na miaka walikuwa wanavusha maji kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa.

Sasa mzigo wenyewe. Wangu alinitengenezea fundi wa madirisha ya alumini, alikuwa na vipande vya kioo vya milimita nne vimebaki kwenye kazi za watu. Sanduku la plaiwudi ya baharini, upana sentimita 60 na urefu 90, upande mmoja umenyanyuka ili kioo kilale kwa mteremko, chini tumetandika vipande vya boksi la povu la samaki ili joto lisitoroke, juu yake sinia la chuma kisichoshika kutu, na chini ya kioo upande wa mteremko tumepasua bomba la plastiki kati ikawa gata. Mwisho wa gata kuna mpira wa dripu unaotoka nje kwenda kwenye dumu. Viungo vyote vimezibwa na silikoni. Gharama nzima haikufika laki moja, ila na mimi nilipewa kioo kwa bei ya kuokota, ukinunua kipya hesabu itapanda.

Kinachofanyika humo ndani hakina uchawi, ni kilekile cha kifuniko cha sufuria ya wali. Jua linapita kwenye kioo, linachemsha (kuchemsha namna ya kusema, yanapata moto tu) maji kwenye sinia, mvuke unapanda, unagusa kioo ambacho nje kinapigwa na upepo kwahiyo kimepoa, unageuka matone. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki chini. Ukifunika asubuhi mapema, kwenye saa tatu hivi unaona kioo kimefanya ukungu hadi sinia halionekani, kisha vinaanza vitone vidogo vidogo, tone moja linavuta la pembeni, linanenepa, linajiachia ghafla linateremka limeacha njia safi kwenye ukungu mpaka linaingia kwenye gata. Hapo kila mtu kambini anakuja kuchungulia, hata wale waliokuwa wanacheka. Kwenye saa saba saa nane ndo linatoa kwa kasi, na jua likishazama bado linaendelea kudondosha kwa muda maana maji bado ya moto na kioo kimeshapoa.

Mavuno sasa. Siku ya msimu wa upepo wa kaskazi, jua kali hakuna wingu, napata lita moja na nusu. Siku ya mawingu mawingu nusu yake au chini ya hapo. Kuna mtu ataniambia sanduku langu limetengenezwa vibaya, kuna video wanapata ndoo nzima, basi tupige hesabu kwa uniti za umeme wa Luku kila mtu aelewe. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula zaidi ya nusu uniti, kama 0.65 hivi. Jua la pwani yetu linamwaga kama uniti 5 kwa siku kwenye mita moja ya mraba. Kwahiyo hata ungekuwa na sanduku lisilopoteza joto hata chembe, mita moja ya mraba haiwezi kufika lita 8, na masanduku ya kweli yanapoteza zaidi ya nusu, mnabaki na lita mbili na nusu au tatu kwa mita. Langu ni nusu mita na ushee. Anayekuonyesha ndoo ya lita 20 kutoka kwenye kitu cha ukubwa wa meza ya chai huyo ameijaza bombani.

Na hili jambo sio jipya, kule Las Salinas jangwani Chile mwaka 1872 walijenga mtambo wa namna hii wa kunyweshea nyumbu wa machimboni, ulikuwa unatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku, lakini kioo chake kilikuwa zaidi ya mita za mraba 4,000. Ukubwa ndo kila kitu hapa, hakuna ujanja mwingine.

Haya, tuje baharini penyewe. Nililifunga kwenye mashua, upande wa shetri, yaani nyuma. Nahodha wetu alilitazama muda mrefu bila kusema kitu, akaja akasema, "Mwanangu, hapo ulipoliweka hilo kabati lako panakaa madumu sita." Sikuwa na la kujibu. Madumu sita ni lita 120, na sanduku kwa lita moja na nusu kwa siku linahitaji siku 80 za jua zuri kuzifikia. Nani anakaa baharini siku 80?

Shida kubwa zaidi ni mtikisiko. Chombo kikilala upande maji ya sinia yanakimbilia pembeni yanaruka yanaingia kwenye gata, na tone chache tu za bahari zinaharibu mavuno ya asubuhi nzima. Nina kimita kidogo cha kupima chumvi, vile vya kalamu vinauzwa mtandaoni, mchangani kilikuwa kinasoma chini ya miligramu 50 kwa lita, tukiwa tunakwenda na upepo wa kusi ukipiga kilipita 1,000, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema ukishavuka hapo maji yanaanza kutonyweka. Ulimi nao ulikuwa umeshasema kabla ya kimita.

Dawa yake tuliipata na ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote: usijaze maji kwenye sinia, tandika taulo jeusi au blanketi jeusi la zamani, lilowe vizuri bila maji kuelea juu. Kitambaa hakirukiruki, kinapata moto haraka, na weusi wake unakunywa jua. Kumbe hata ile mashine ya jua ya kwenye maboti ya uokoaji iko hivyohivyo. Mama mmoja mwanasayansi anaitwa Maria Telkes, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani, ndo alibuni ile ya plastiki ya kujaza upepo wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndani ina pedi nyeusi inayolowana. Na yule Mmarekani Steven Callahan aliyezamiwa na boti yake Atlantiki mwaka 1982 akaelea siku 76 kwenye boti la mpira, alikuwa na za aina hiyo, moja ilikuwa inampa karibu nusu lita kwa siku, na hata hizo zilimsumbua sana mpaka zikakubali. Huyo hakuwa anakunywa akashiba, alikuwa anazuia roho isitoke tu.

Mambo ya kuangalia kama unatengeneza lako. Fundi alipaka ndani rangi nyeusi ya mafuta, maji ya mwanzo yakawa yananuka rangi hadi puani, tukaikwangua yote tukabaki na sinia na taulo. Silikoni nayo ikiwa mbichi inanuka siki, iache ikauke hadi harufu iishe, afu mavuno ya siku za kwanza mwaga au oshea vyombo. Sinia la alumini usiweke, chumvi inalitoboa. Kioo ni kizuri kuliko plastiki kwasababu maji yanatambaa juu yake yanashuka, kwenye plastiki yanajikusanya vitone vinaning'inia vinadondoka tena kwenye chumvi, ukilazimika kutumia plastiki ikwangue kwa msasa laini upande wa ndani itashika maji vizuri. Ila kioo chomboni ni hatari, watu wanatembea miguu mitupu na nyavu zinaburuzwa, siku kikipasuka mtajua hamjui.

Jingine ambalo sijaona wanalisema: usichote maji ya ngama (yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo) ukamwagia humo, wala karibu na mashine. Petroli inapanda na mvuke kama maji tu, sanduku halitaizuia, litakukusanyia. Chota mbali, upande safi. Na kila asubuhi suuza taulo, chumvi ikiganda linakuwa gumu linageuka jeupe na mavuno yanashuka. Kioo kwa nje nacho rasharasha za mawimbi zikikauka zinaacha utando mweupe, futa.

Ladha ni chapwa. Hayana chumvi hayana kitu, kama maji ya kuongezea betri, na kweli ni yaleyale, maji ya mvuke. Ukiyamimina toka kikombe hiki kwenda kile mara kadhaa yanachangamka kidogo. Kwenye chai hutambui tofauti.

Wanaouliza kama kuna kitu bora zaidi, kipo, ile pampu ya mkono ya Katadyn inayosukuma maji ya bahari kwenye chujio, inatoa karibu lita moja kwa saa hata usiku hata mvua inanyesha, lakini bei yake inapita dola elfu moja na ukisukuma hiyo saa nzima mkono hautaki tena kuvuta nyavu. Kwa sisi wa mashua hiyo ni hadithi. Turubai ndo letu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili, turubai la mita 10 za mraba likipata mvua ya milimita 10 ya masika ni lita 100 kwa mara moja, sanduku langu lingetoa jasho miezi miwili. Tatizo ni kaskazi ambapo mvua hakuna, na hapo ndo jua lipo, kwahiyo hivi vitu viwili havigombani.

Uamuzi wangu: chomboni nimelitoa. Dagoni limebaki, tumelipachika juu ya mawe upande usio na kivuli, na maji yake hatuyahesabu kwenye bajeti, ni ya akiba, yanaingia kwenye dumu la pembeni lenye kitambaa chekundu ambalo haligusi mtu mpaka mengine yaishe. Nyota mbili nimekata moja kwa ukubwa wake na moja kwa huo mtikisiko.

Kwenye chombo nimebaki na kitoto chake, chupa ile kubwa ya maji ya ofisini ya lita 18 na ushee, imekatwa kitako, ukingo umekunjwa kwa ndani kwa moto ukawa kagata, inafunika bakuli jeusi lenye kitambaa kilicholowa. Kwa siku inatoa kikombe kidogo cha kahawa, basi. Haichukui nafasi, haivunjiki, na nahodha hajasema kitu.